Uzi: Nimempeleka mama Maskati kuonana na dada yake baada ya miaka 31. Wenye ndugu Omani, piteni hapa

#1 — Wa_Mlandege

Assalaam alaykum wakuu, na wengine habari za saa hizi.

Tumerudi Unguja wiki ya tatu sasa na mama bado hajatoa nguo zote sandukuni. Kila nikimwambia nizipange kabatini ananikataza, eti zina harufu ya udi wa nyumba ya dada yake. Basi nimeona nikae niandike, maana najua humu ndani tuko wengi wenye mama mkubwa, ami au bibi upande wa pili, na kila mwaka tunasema "mwakani inshallah".

Kwanza mjue tulivyoachana. Mwaka 1964 mama alikuwa na miaka tisa, dada yake kumi na saba. Baada ya Mapinduzi ya Januari ile mama mkubwa alichukuliwa na mjomba wao, wakavuka na jahazi mpaka Mombasa. Akaolewa hukohuko. Mumewe akatangulia Dubai kutafuta kazi, naye akafuata. Sultan Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga kwao, ndipo wakahamia Maskati. Omani ya wakati ule ilikuwa na shule tatu tu nchi nzima, zote za wavulana, kwa hiyo mwanamke aliyesomea Unguja alikuwa mali. Mama mkubwa akawa mwalimu wa shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Unguja alirudi mara moja tu, 1994, kwenye hitima ya bibi, akakaa siku tisa.

Tangu hapo ni simu. Zamani simu ya dakika tatu za haraka haraka, sasa hivi simu za picha, ambazo mama hazipendi kwa sababu dada yake anakuwa paji la uso tu.

Tumekwenda Novemba. Kama una mzee, usimpeleke Maskati kati ya Mei na Septemba. Joto linapita nyuzi 40 na mzee wa pwani aliyezoea upepo wa bahari atashinda ndani na kiyoyozi mpaka aumwe mifupa. Novemba hadi Februari hali ni nzuri, jioni unakaa nje na shuka begani.

Safari yenyewe ya angani kutoka kwetu ni kama saa tano na nusu kwa ndege ya moja kwa moja, na saa yao imetutangulia kwa saa moja. Nasema haya kwa sababu mama alidhani ni safari ya siku nzima, na hiyo peke yake ilimfanya aogope miaka mingi. Waelezeni wazee wenu mapema.

Tulifika usiku. Mama mkubwa magoti yanamsumbua hakuja uwanjani, alitungoja nyumbani Al Khoud. Kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa, sisi hatuna "binamu" hapo) alitupokea. Njia nzima mama kimya, ameshika mkoba wake kifuani. Ndani ya mkoba alikuwa na maua ya kunusa, asumini na vilua vitatu, amevifunga kwenye kitambaa cha maji na juu yake kipande cha kanga. Alivichuma alfajiri ya siku ya safari, mimi nilikuwa sijui.

Tukaingia. Mama mkubwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kajitanda leso nyeupe. Nilidhani watalia kwa sauti. Hawakulia. Mama alikwenda akafungua kile kitambaa akakiweka mapajani mwa dada yake. Asumini zilikuwa zimeshageuka rangi ya chai, vilua vimelegea, lakini harufu ilikuwapo. Mama mkubwa akakiinua akakibana puani kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo muda mrefu, macho kayafumba. Kisha akamtazama mama akamwambia, "Kadogo, mbona umekonda?"

Kadogo ni jina la utotoni la mama. Nina miaka 41 na sikuwahi kulisikia.

Nitaendelea, kuna mtu ananigongea mlango.

#2 — Kijana wa Kibokoni

Dada, naweka kambi hapa. Mimi wa Mombasa, nyanya yangu ana kaka yake Sur hawajaonana tangu miaka ya themanini. Hebu tueleze karatasi, maana hapo ndipo sisi tunapokwama. Na mzee mlimpaje nguvu ya kukubali? Wetu kila ukimwambia anasema "mimi nimeshazeeka, waje wao."

#3 — Wa_Mlandege

Kaka wa Kibokoni, karibu.

Karatasi ndizo zilizotuchelewesha kuliko pesa. Mama kwenye cheti cha kuzaliwa ana majina mawili, kwenye kitambulisho ana matatu, na mwaka wa kuzaliwa umepishana kwa miaka miwili. Ofisi moja ikatuambia turudi nyingine, nyingine ikaturudisha ya kwanza. Wiki tano zikapotea. Nikushauri: kabla hujagusa habari ya tiketi, kaa na karatasi zote za nyanya mezani uzisome jina kwa jina. Herufi moja ikipishana, irekebishe kwanza, kwa kiapo au kwa utaratibu wowote wa huko kwenu. Viza mwenyeji wetu ndiye aliyeshughulika kwa mtandao, sisi tukampelekea picha na nakala za pasi. Akitaka jambo lolote mpe siku hiyohiyo, usimzungushe.

Dawa. Hili watu hawalisemi. Nchi za Ghuba ziko makini sana na dawa kali za maumivu, hasa zenye kodeini ndani yake. Mama ana vidonge vya presha na vya miguu. Nilibeba barua ya daktari, na kila dawa ndani ya boksi lake, si kwenye ile mifuko ya plastiki ya duka la dawa.

Kuhusu kumpa nguvu: mimi sikumbembeleza. Nilimwambia mama mkubwa amwambie mwenyewe. Alimpigia akamwambia, "Mimi magoti hayapandi ndege tena. Wewe yako yanapanda." Kesho yake mama akaniuliza pasi inapigwa picha wapi.

#4 — Bint Ruwi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa huku, nimezaliwa Maskati, bibi yangu mzaa mama wa Makunduchi. Dada Wa_Mlandege umenitoa machozi na hicho kilua. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anasema huku kuna kila kitu ila maua ya kunusa ya kwao.

Naomba niongeze kutoka upande wa mwenyeji. Wageni wetu wengi wanakuja siku saba, wanataka waone ngome ya Mutrah, msikiti mkubwa, Nizwa, maduka, kisha wanaondoka. Bibi anabaki anauliza "wamekuja wapi?" Siku saba hazitoshi. Siku mbili za mwanzo ni salamu, watu wanaingia wanatoka, chakula kingi, hakuna mazungumzo. Maneno yenyewe yanaanza siku ya nne ya tano, kahawa imepoa, watoto wamelala.

Na watoto wetu wasemeni nao Kiswahili hata wakijibu Kiarabu. Wanaelewa, wanaona haya tu kwa sababu wakikosea wanachekwa.

#5 — Wa_Mlandege

Bint Ruwi, marahaba mdogo wangu. Umesema kweli tupu. Sisi tulikaa siku ishirini na mbili, na yale niliyokuja nayo yote yametoka siku ya sita kuendelea.

Hapo kwenye watoto, sikilizeni kisa cha saa. Siku ya tatu mtoto wa kaka, kijana wa chuo, alimwambia mama kwa Kiswahili chake kizuri tu: "Bibi, kesho saa tatu nakuja kuwachukua twende Mutrah." Mama akaamka na alfajiri, akaoga, akavaa, akajifukiza, saa tatu asubuhi amekaa barazani na viatu miguuni. Saa nne. Saa tano. Nampigia kijana, simu haishiki, yuko darasani. Mama akavua viatu akaenda kujilaza, uso umeiva. Alikwisha kuamini kwamba tumekuwa mzigo. Saa tisa alasiri kijana huyo mlangoni, anacheka, amekuja kwa wakati wake hasa! Yeye saa tatu yake ni akrabu inapogusa tatu. Maneno yetu, hesabu ya Kiarabu. Mama mkubwa akamweleza mjukuu wake kwamba kwetu saa inaanza jua linapochomoza, na kwamba yeye mwenyewe mpaka leo kichwani anahesabu hivyo, midomoni ndiyo amebadili. Kijana akamshika bibi yake miguu kumwomba radhi. Tangu siku ile kila akisema saa anaongeza "ya kwenu" au "ya kwetu".

Mutrah tulikwenda. Mama alipenda sokoni ndani, vichochoro vile vilivyoezekwa juu, alisema kama Darajani na Mkunazini zimeingiliana. Alinunua ubani wa Dhofar, ule mweupe wenye rangi ya maziwa. Kwenye msikiti wa Sultan Qaboos walimwambia zulia lile ni tani 21. Akauliza linafuliwaje.

Chakula sikuona mgeni. Mandazi wanaita mandazi. Mishkaki imeingia mpaka kwenye Kiarabu chao, inachomwa barabarani kila jioni. Halua yao laini kuliko yetu, na zafarani nyingi. Siku mama alipopika mchuzi wa pweza wa nazi, nyumba ilijaa watu ambao sikujua walisikiaje.

Cha kubeba kama zawadi: kanga (chagueni maneno vizuri, zinasomwa moja moja!), karafuu, hiliki, achari. Achari fungeni mara nne. Yetu ilipasuka sandukuni na doti mbili za kanga zikala mafuta. Mama mkubwa hakuzifua, alizianika hivyohivyo.

#6 — Baba Wawili

Samahani dada, sitaki kuharibu uzi wako mzuri, lakini tusiwadanganye watu. Mimi nilikwenda kwa ndugu zangu wa huko. Nilipokelewa vizuri siku mbili. Siku ya tatu naona kila nikiingia watu wanazungumza Kiarabu. Mke wa ami anauliza nitaondoka lini. Wengine wanatuona sisi tuliobaki ni watu wa shida. Niliondoka kabla ya siku zangu na sijarudi.

#7 — Wa_Mlandege

Baba Wawili, pole sana kaka yangu. Sitakuambia umekosea, yamekukuta na yanauma. Mtu akikugeuzia lugha ndani ya nyumba ya babu yenu mmoja, hiyo ni jeraha.

Nikuambie nilichosikia upande wa pili, si kukujibu, ila nami kilinishtua. Siku ya kumi hivi kaka yangu alinitoa nje tukazungumza. Akasema katika miaka ishirini, kila simu iliyotoka Unguja kwenda kwake ilikuwa na jambo: ada, paa, maziko, harusi, mtaji. Akasema alitoa kila alichoweza, hakujuta, lakini alianza kuogopa namba ya +255. Halafu akaniambia, "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipigia kuniuliza mama yako kaamkaje." Nilinyamaza, kwa sababu katika simu hizo mbili zilikuwa zangu.

Na wao wana machungu yao. Wanaojua Kiswahili huko wanaitwa Zinjibari, na wazee wananiambia miaka ya sabini hilo halikuwa jina la sifa. Walirudi kwenye nchi ya mababu na Kiarabu chao kibovu, wakawa wageni mara ya pili. Mama mkubwa alikuwa akifundisha mchana na usiku anajifunza sarufi kwa mwanafunzi wake wa jirani ili asichekwe darasani. Sikujua. Tulidhani alikwenda akakuta riali zinamngoja.

Kwa hiyo mimi kabla ya safari niliweka nadhiri: katika siku zangu zote hakuna neno la pesa litakalotoka mdomoni mwangu. Riali moja ni kama dola 2.6, na unapopiga hesabu kichwani kila unapoingia dukani, tamaa inakuja yenyewe. Nilibeba akiba yangu ya matumizi, nikanunua mboga na mkate kwa zamu kama mtu wa nyumba. Kaka alikataa siku mbili, ya tatu akaacha.

Labda ami yako naye ana la kwake, au labda hana. Lakini ami na mkewe si mtu mmoja. Mpigie yeye peke yake.

#8 — Mgeni wa Ubwari

Bwana asifiwe wote. Mimi Mkongo, nyumbani Uvira, niko Kanada na watoto. Sisi kurudi ni shida, mtu aliyepewa hifadhi hawezi kuingia tu nchi aliyoikimbia. Mwaka uliopita tulikutana Kampala: mama na wadogo zangu wawili walitoka upande wa kule kwa basi, mie kwa ndege. Tulipanga nyumba ya vyumba vitatu majuma mawili. Hatukutembea popote. Mama alikuwa anapika sombe (nyinyi mnaita kisamvu) asubuhi, tunakula mchana na usiku ile ile. Dada wa Mlandege, naelewa habari ya nguo katika sanduku. Mie nina kitenge cha mama hapa, sijakifua.

#9 — Wa_Mlandege

Kaka wa Ubwari, Mungu awakutanishe tena, na safari nyingine iwe kwenye uwanja wa mama mwenyewe. Kampala mmefanya jambo la maana. Wenye vikwazo vya karatasi waige: mkutane katikati.

Kuna mdau kaleta siasa za 1964 hapo, ameomba mjadala nani alikosea. Ndugu yangu, nyuzi za hilo zipo nyingi, naomba hapa tupaache. Nyumbani kwa mama mkubwa kuna mkwe ambaye baba yake aliuawa, na mimi babu yangu upande wa baba alikuwa upande ule mwingine. Tumekula sinia moja siku ishirini na mbili.

Sasa nimalizie lile lililonifanya hasa nifungue uzi.

Mama alikuwa na shoga yake wa chuoni. Walisoma Kurani ukuta mmoja, wakicheza nage uwanja mmoja pale Mlandege. Huyo aliondoka baadaye, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaolewa Ibra, mji wa ndani kule Sharqiyah. Ibra ina majumba ya zamani yaliyojengwa kwa mali iliyotoka huku kwetu. Mwaka 2018 shoga huyo alimpigia mama, akamwita. Akasema njoo tukae kabla hatujawa vipofu. Nilikuwa na pesa ya tiketi mbili kwenye akaunti. Nikamwambia mama nijenge kwanza ukuta wa uani, tutakwenda mwakani. Mwakani ikaja na mambo yake, kisha ikaja korona, kisha mama akaumwa.

Safari hii tulikwenda Ibra siku ya Jumatano, kwa sababu Jumatano kuna soko la wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi, na mama alitaka amchukue shoga yake waende wote. Alimnunulia doti ya kanga tangu Unguja. Binti wa mwenye nyumba alitupokea mlangoni, akanishika mkono akanivuta pembeni akasema, "Mama siku hizi anasahau."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, msafi, nywele zimesukwa, hina mikononi. Akampokea mama kwa heshima zote za mgeni. Akammiminia kahawa kwa mkono wake, akamsogezea tende, akamuuliza habari za njiani. Mama akamtajia jina lake. Akasema, "Ahsante, karibu sana." Mama akamtajia mtaa, chuo, maalim, mti wa mkungu uliokuwa uwanjani. Anatikisa kichwa kwa adabu, anatabasamu, kama mtu anayesimuliwa habari za nchi nyingine.

Tulikaa saa mbili. Sokoni hatukwenda.

Tulipoinuka kuaga, yule bibi aliushika mkono wa mama akauliza tunarudi wapi. Mama akasema Unguja. Uso ukamchangamka. Akasema, "Ukifika Unguja nifanyie hisani. Nenda Mlandege, kuna shoga yangu pale anaitwa Kadogo. Mwambie namkumbuka. Mwambie mimi sikumsahau."

Mama akambusu mkono. Akamjibu, "Zitafika."

Garini hakusema neno mpaka tunaikaribia Maskati. Kilomita zaidi ya mia. Kisha akaniambia, "Ukuta ule ungesubiri." Hakunilaumu, alisema taratibu tu, akanipapasa goti.

#10 — Kijana wa Kibokoni

Dada, nimefunga kazi. Kesho naanza na vyeti vya nyanya.

#11 — Bint Ruwi

Dada, Ibra ni mwendo wa saa mbili kasoro kwetu. Ukiniruhusu nitakwenda kumwamkia yule bibi. Nitumie namba ya binti yake faragha.

#12 — Wa_Mlandege

Bint Ruwi, nimekutumia. Mwenyezi Mungu akulipe.

Kwa walioniuliza faragha namna ya kutafuta ndugu ambao namba zao zimepotea: anzeni na wazee wa mtaa mliohama, sio mitandao. Majina ya ukoo huko yanafanana mno, utapata watu mia. Andikeni jina la babu, jina la bibi, mtaa waliokaa Unguja au Pemba au Mombasa, chuo walichosoma, na lakabu. Lakabu ndiyo inayofungua mlango. Mama alipokuwa anamtafuta mjukuu wa mjomba wake, jina kamili halikumfikisha popote, lakini alipotaja lakabu ya yule mjomba kwenye msiba mmoja pale Seeb, mama mmoja wa makamo akageuka.

Mama sasa anazungumza na dada yake kila baada ya Isha. Saa mbili ya kwetu, saa tatu ya kwao, wameshaelewana. Jana mama mkubwa alisema yule binti wa Ibra amempigia. Anasema bibi kila siku baada ya kahawa anauliza kama yule mgeni aliyetoka Unguja ameshafika, na kama amezifikisha salamu zake.

Mama akasema, "Mwambie zimefika. Mwambie Kadogo amezipokea, na yeye anamsalimu."